Hali na Tabia: Juu ya Kitabu cha Kay Redfield Jamison, An Unquiet Mind

Kitabu kiitwacho An Unquiet Mind kilitolewa Marekani mwaka 1995. Mtungaji wake, Kay Redfield Jamison, ni mtaalamu wa elimu ya nafsi, na miaka mitano kabla yake alikuwa amekwisha kutunga, pamoja na Frederick Goodwin, kitabu kikubwa cha waganga juu ya ugonjwa ambao kwa muda humtia mtu furaha na nguvu kupita kiasi, kisha humtupa katika huzuni nzito. Katika kitabu cha 1995 anaeleza kwamba ugonjwa huo anao yeye mwenyewe. Basi anaujua kwa njia mbili, ya daktari aulizaye na ya mgonjwa aulizwaye, na ni nadra kupata mtungaji mmoja mwenye elimu zote mbili.

Waganga wamekwisha kukisifu kitabu hiki kwa sababu zao. Sisi twakichukua hapa kwa ajili ya lugha. Nakusudia kutazama jambo moja: jinsi mtu mwenye ugonjwa huu anavyoisoma hali yake siku kwa siku, na Kiswahili kina maneno gani ya kumsaidia katika usomaji huo, au ya kumdhuru. Jambo hili si dogo, kwa maana mtu huyu hana kipimo kingine cha kwanza ila maneno anayojiambia asubuhi.

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja lililoenea. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ugonjwa huu ni yule acheka saa mbili na kulia saa nne, naye hugeuka mara kumi kabla ya jua kutua. Sivyo waganga wanavyosema. Kwa kanuni zitumiwazo Marekani, hali ya kupanda huhesabiwa kuwa ugonjwa kamili ikidumu kwa kawaida siku 7 au zaidi, ama kwa muda wowote ikiwa mgonjwa imembidi kulazwa hospitali. Ile iliyo nyepesi zaidi hutakiwa idumu siku 4. Na sonona hutakiwa idumu majuma mawili. Hata mgonjwa ambaye husemwa kwamba hugeuka upesi, ni yule apatwaye na vipindi vinne au zaidi katika muda wa miezi 12. Kwa hiyo ugonjwa huu una mwendo wa majira kuliko mwendo wa saa. Lakini ndani ya majira hayo zimo siku, na kila siku ina mabadiliko yake madogo: siku ya kuamka mzito, siku ya kuamka mwepesi, siku ya hasira isiyo na mwanzo. Mabadiliko hayo kila mwanadamu anayo. Taabu ya mgonjwa ni kuyapambanua: lipi ni jambo la leo tu, na lipi ni dalili ya majira yajayo?

Hapo ndipo kitabu cha Jamison kinapopata thamani yake. Baba yake alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa katika jeshi la anga, mtu mwenye uchangamfu mkubwa na mawazo yarukayo, ambaye baadaye naye alizama katika giza. Binti akakua akiwa na moyo mwepesi kuwaka. Alipokuwa bado katika shule ya sekondari ugonjwa ulimjia kwa mara ya kwanza, asiujue jina lake. Mwaka 1974 alifanywa mwalimu katika idara ya tiba ya akili ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na haikupita miezi mingi akawa amepanda mpaka kiwango cha wazimu. Alinunua vitu kwa pupa, miongoni mwake vifaa vya kutibia sumu ya nyoka, vingi kupita haja ya mtu yeyote. Alijiona akisafiri mpaka kwenye pete za sayari ya Zohali. Na deni alilolifanya ilimbidi kaka yake amsaidie kulipanga na kulilipa. Kisha ukaja mshuko, na wakati mmoja alijaribu kujiua. Dawa iliyomwokoa ilikuwa lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alitangaza manufaa yake mwaka 1949, na ambayo serikali ya Marekani iliikubali mwaka 1970.

Katika habari hiyo yote mtungaji hurudia swali moja kwa namna nyingi. Anataka kujua katika hisia zake zipi ni zake na zipi ni za ugonjwa. Yule mwenye mawazo mengi, apendaye watu, afanyaye kazi usiku kucha, ni yeye? Au ni homa iliyovaa sura yake? Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba lugha yetu ina maneno mawili yanayolikata swali hili katikati: hali na tabia. Tabia ni kile mtu alichokaa nacho. Hali ni kile kilichomkuta. Neno hali tulilipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake inahusiana na kugeuka. Hali basi ni kitu ambacho kwa asili yake hakikai. Jamison ana tabia ya uchangamfu na ana ugonjwa wenye hali za uchangamfu, na taabu yake yote ni kwamba viwili hivi vinafanana kwa sura. Asemaye kwamba uchangamfu wake wote ni ugonjwa amempokonya tabia yake; asemaye kwamba wote ni tabia amemwacha aende kwenye hatari bila ya kuonywa.

Sarufi yetu pia hupambanua jambo hili. Tukisema "huchangamka", twaeleza desturi ya mtu. Tukisema "amechangamka", twaeleza hali iliyoanza na ingaliko. Mganga mwenye sikio zuri akimsikia ndugu wa mgonjwa akisema, "Yeye huamka alfajiri," hana haja ya kushtuka. Lakini akisikia, "Siku hizi tano ameamka saa nane za usiku, wala hachoki," hana budi kuuliza zaidi. Kupungua kwa usingizi pasipo uchovu ni katika dalili za awali za kupanda, na kukosa usingizi kwenyewe kwaweza kuuchochea ugonjwa. Tofauti ya hu- na -me- ni somo la darasani, lakini hapa maisha ya mtu yaweza kuitegemea.

Tuje sasa kwenye majina, ambako lugha yetu haina sifa hiyo. Neno kichaa kwa Kiswahili ni jina la ugonjwa na pia ni jina la mgonjwa. Twasema "ana kichaa" na twasema "ni kichaa", na umbali kati ya semi hizi mbili ni mdogo sana kwa sauti, ilhali kwa maana ni umbali wa maisha mazima. Aliye na kitu aweza kukiweka chini. Aliyekuwa kitu amekwisha. Mwendawazimu, punguani, mwehu: majina yote haya hukaa katika ngeli ya watu, hayana wakati, wala hayajui kwamba jana mtu huyo alikuwa akifundisha watoto hesabu na kesho atafundisha tena. Hata majina ya hospitali, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, yamefanywa kuwa matani vinywani mwa watu, kana kwamba mtu aliyepata kulazwa huko hakupata kutoka.

Lakini tuyaache majina, tutazame vitendo. Hapo twakuta hazina. Mswahili hasemi kwamba yeye ni hasira. Husema amepandwa na hasira. Huzuni humshika, hofu humwingia, majonzi humpata, furaha humjaa. Mtu amepandwa na mori, amepandwa na jazba, ameshikwa na jitimai. Katika semi hizi zote hisia ndiyo mtenda. Hisia huja kwa mtu kama mgeni, na mgeni ana siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ndiyo maana twaweza kusema pia hasira imemshuka, wazimu umemtoka. Mtu amebaki kuwa mtu, kabla ya mgeni na baada yake. Jamison aliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza kina desturi ya kumfanya mtu mwenyewe awe na huzuni au awe na furaha kwa kitenzi kilekile kisemacho kwamba mtu ni mwalimu au ni mrefu. Imembidi atumie kurasa nyingi kutengeneza nafasi kati yake na hali zake. Mfasiri wa Kiswahili atakuta nafasi hiyo imekwisha kutengenezwa katika vitenzi, naye atakuwa na kosa kubwa akiijaza kwa majina.

Hapana budi kuonya hapa. Kauli hizi za kupandwa zina undugu na imani ya pepo. Katika pwani yetu mtu hupandisha, pepo hutajwa jina, huulizwa atakacho, hupungwa akatoka. Sipendi kuingia katika mjadala wa imani hiyo, ila kusema kwamba mfano wa mgeni una mpaka wake. Pepo aliyepungwa vizuri hutarajiwa aondoke, lakini ugonjwa huu huondoka na kurudi. Jamison mwenyewe aliiacha lithiamu mara kwa mara, kwa sababu nyingi: dawa ilimsumbua mwili, ilimdhoofisha akili hata kwa muda wa zaidi ya miaka kumi ikawa vigumu kwake kusoma kitabu kizito kutoka mwanzo hadi mwisho, na zaidi ya hayo, alipojiona mzima alidhani uzima ni wake wala si wa dawa. Kila alipoacha, alilipa. Kwa hiyo mgeni huyu anafunguliwa mlango na mtu ajuaye kwamba atakuja tena, na ambaye ameweka taa mlangoni ili amwone mapema.

Kuhusu jina la ugonjwa wenyewe, Jamison ana neno la kuwaambia wanaisimu. Mwaka 1854 Mfaransa Jean-Pierre Falret aliuita wazimu wa mzunguko. Mwaka 1899 Mjerumani Emil Kraepelin aliunganisha mpando na mshuko katika jina moja. Karl Leonhard mwaka 1957 akaupambanua na sonona isiyokuwa na mpando, na kutokana na kazi hiyo likaenea neno baipola, ambalo waganga wa Marekani waliliingiza katika kanuni zao mwaka 1980. Jamison halipendi. Aona kwamba neno hilo linauchora ugonjwa kama mstari wenye ncha mbili, sonona ikae ncha moja peke yake na mpando ukae ncha ya pili, ilhali katika maisha ya wagonjwa mara nyingi viwili hivi huchanganyika. Kuna hali ambayo mtu ana nguvu na kasi ya aliyepanda pamoja na ukiwa wa aliyeshuka, na hiyo ni katika hali za hatari kuliko zote, kwa kuwa aliyekata tamaa amepata pia nguvu ya kutenda.

Basi tukilifasiri neno hili kwa Kiswahili na kusema "ugonjwa wa ncha mbili", tutakuwa tumefasiri kosa pamoja na neno. "Kupanda na kushuka kwa moyo" ni afadhali, kwa kuwa kuna mwendo ndani yake, lakini halitoshi kwa hali ile ya mchanganyiko. Wengine watapenda mfano wa bahari: maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Ni mfano mzuri wa kusikia, na una kweli kwamba siku moja ya maji hueleweka kwa kujua imo katika majira gani. Lakini mvuvi huhesabu mwezi akajua siku ya bamvua kabla haijafika, na ugonjwa huu hauna mwezi wa kuhesabiwa. Mtungaji, kama binti wa mtaalamu wa hewa, huelekea zaidi kwenye anga, na nadhani ana haki: hali ya hewa hubashiriwa, lakini hubashiriwa kwa dalili, wala haina ahadi. Mimi ningeona bora tuliache jina baipola kwa tahajia yetu katika vitabu vya waganga, na katika masimulizi tutumie vitenzi.

Jina la kitabu nalo lampa mfasiri kazi. "Akili Isiyotulia" litamfanya msomaji afikiri habari za mwanafunzi mtundu. "Moyo Usiotulia" litamfanya atazamie habari za mapenzi. Akili kwetu ni uwezo wa kupambanua, na kumwambia mtu hana akili ni kumtukana. Moyo ndio makao ya huzuni na furaha, lakini pia ndio makao ya ushujaa na ya hiari. Neno litakalobeba yote mawili ni nafsi: "Nafsi Isiyotulia". Kwa nafsi msomaji ataelewa kwamba kinachotikisika ni mtu mzima, fikira zake pamoja na mapenzi yake.

Tukikiweka kitabu hiki karibu na masimulizi ya maisha tuliyo nayo katika Kiswahili, tofauti hutokea wazi. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipoeleza maisha yake aliyahesabu kwa safari, kwa vita na kwa pembe. Shaaban Robert katika Maisha Yangu aliyahesabu kwa kazi, kwa wajibu na kwa msiba, na alipomlilia mkewe Amina, huzuni yake ilikuwa na sababu ambayo kila msomaji aliweza kuiona. Huzuni isiyo na msiba haikuwa na mlango wa kuingilia katika nathari hiyo. Riwaya ndiyo iliyofungua mlango. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto anakata tamaa na mwisho anajiua, lakini kukata tamaa kwake kunatolewa kama hukumu juu ya ulimwengu, na mhakiki huijadili kama falsafa. Kwa Jamison kukata tamaa ni hali. Ilipokuwapo ilisema kwa sauti ya hukumu ya mwisho, tena kwa ufasaha. Na ilipopita, hukumu ikafutika. Msomaji aliyezoea kumheshimu Kazimoto kwa kuona mbali atafaidika kujua kwamba kuna giza lisemalo maneno yaleyale bila ya kuona lolote. Sisemi kwamba Kazimoto ni mgonjwa. Riwaya haikuandikwa kwa ajili hiyo. Nasema kwamba lugha ya kukata tamaa haitoshi peke yake kutuambia imetoka wapi, na mwenye kuisikia kwa ndugu yake asiipokee kama hoja ya kujibiwa tu.

Kitabu hakikosi kasoro. Ya kwanza ni kwamba mtungaji huruka kutoka kilele hata kilele. Tunaona usiku wa ghasia, tunaona shimo, lakini siku za katikati, zile zilizo nyingi kuliko zote katika maisha ya mgonjwa, hupita kwa haraka. Habari ya miaka ile ya kushindwa kusoma kwa sababu ya dawa ni mojawapo ya sehemu zilizo bora kabisa, kwa kuwa hapo tunaona ugonjwa na tiba vikiingia katika Jumatatu na Jumanne. Laiti sehemu kama hizo zingekuwa nyingi zaidi, kwani msomaji aliye mgonjwa hahitaji kufundishwa kuutambua wazimu uliokwisha kuwaka. Ahitaji kufundishwa kuitambua siku ya tatu ya usingizi mfupi.

Kasoro ya pili ni ya maisha yake zaidi kuliko ya kalamu yake, naye mwenyewe haifichi. Usiku mmoja wa manane alikuwa akikimbia huku na huku katika uwanja wa kuegesha magari wa chuo, na mwenzake alikuwa pamoja naye. Polisi akawauliza wafanyalo. Mwenzake akajibu kwamba wote wawili ni walimu wa idara ya tiba ya akili. Polisi akatabasamu akaenda zake. Kisa hiki huchekesha, lakini tukitafakari twaona kwamba aliokolewa na cheo. Mwanamke asiye na cheo, akikutwa saa hiyo katika uwanja wa mji wowote wetu, angepewa jina kabla ya kupewa swali.

Swali ndilo tunalolihitaji, na lugha yetu inalo tayari. Sisi huulizana hali kila asubuhi. "U hali gani?" ni swali la siku moja, wala halimwulizi mtu yeye ni nani. Lakini adabu imetuachia jibu moja tu, "njema", na mwenye taabu hana budi kulitanguliza jibu hilo kisha atafute nafasi ya kusema "ila". Ndugu wa mgonjwa huyu yampasa ajifunze kungojea ile "ila", na kuuliza mambo yanayohesabika: umelala saa ngapi, umekula, ni siku ya ngapi sasa, na fedha umezitumiaje. Waganga huwaagiza wagonjwa kuyaandika hayo kila siku katika daftari, mstari mmoja kwa siku moja, ili baada ya miezi waweze kuona majira yao. Mstari mmoja hauelezi jambo. Mistari 30 huanza kusema. Pia huwa rehema kwa mgonjwa, kwa maana humwonyesha kwamba siku moja ya furaha iliyosimama peke yake, na usingizi wake ukiwa kamili, ni furaha tu, naye ana haki ya kuifurahia.

Neno la mwisho ni juu ya kupona. Katika Kiswahili kitenzi hiki kina ukamilifu: aliyepona amemalizana na ugonjwa, na aliyeambiwa kwamba amepona ataiacha dawa. Mwenye ugonjwa huu hastahili kuahidiwa neno hilo. Lakini tunalo neno jingine, tena la kila siku. Mgonjwa akiulizwa habari zake na nduguze wakiona leo ana nafuu, husema, "Hajambo." Neno hili halisemi kwamba ugonjwa umekwisha, wala halimwiti mtu kwa jina la ugonjwa wake. Lasema kwamba leo hana jambo. Lithiamu, usingizi, daftari na macho ya jamaa humpa mtu siku nyingi za namna hiyo, na Jamison, aliyeishi na kufundisha na kutunga vitabu kwa miaka mingi baada ya giza lake kuu, ni shahidi kwamba siku hizo zikijumlishwa huwa maisha. Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili na alichague neno hilo kila mahali ambapo Kiingereza kitamvuta aandike kwamba amepona.